Naenda kujitolea Ujerumani, nitajifunzaje kupika kwa mama mwenyeji?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dada, shikamoo. Nina miaka 22, nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mzima kindagateni kusini mwa Ujerumani, sehemu za Reutlingen, ntakaa kwa familia, mama wa kama miaka 60 na mumewe. Natamani nirudi najua kupika chakula chao cha asili kabisa, si cha mitandaoni. Ila mi Muislamu, sili nguruwe wala pombe, halafu watu wananitisha eti Mjerumani hataki mtu aingie jikoni kwake. Nianzie wapi, na nibebe nini?"

Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Umeniuliza kitu ninachokijua kwa mikono, maana mwaka wangu wa kujitolea niliufanya hukohuko milimani, Alb ya Uswabi (Uswabi ni hilo eneo la kusini mwa Ujerumani unakokwenda, na watu wake ni Waswabi), kwenye nyumba ya wazee, na ile familia iliyonipokea ndo ilinifanya baadae nikasomee upishi miaka mitatu. Kwahiyo ntakujibu kirefu, vumilia.

Kwanza toa hilo la kutishwa. Hawakatai mtu jikoni, wanakataa mtu asiyejulikana anafanya nini jikoni. Kwetu ukifika kwa mtu unasukuma pazia unaingia uani unakuta wenzio wanachambua mchele na wewe unakaa unachambua, hakuna aliyekuita na hakuna atakaeshangaa. Kule lazima useme. Mama anaweza kukaa miezi mitatu anapika peke yake huku wewe uko chumbani unaona aibu, na yeye anawaza huyu binti hapendi chakula changu, nyote mnaumia kimya kimya. Mi ilinitokea hivyo, mpaka Oktoba nilikuwa sijagusa mwiko, siku moja nikaropoka kwa kijerumani changu kibovu "naweza kukata vitunguu?" akanipa kisu na kilo nzima, na toka siku hiyo sikutoka tena. Basi wewe usingoje Oktoba. Wiki ya kwanza tu mwambie, kwa sentensi nzima uliyoifanyia mazoezi, kwamba ungependa Jumamosi au Jumapili umsaidie kupika ujifunze. Taja siku. Wajerumani wanapenda kitu chenye siku na saa.

Na nasema Jumamosi na Jumapili kwa sababu, hapa ndo wengi wanapigwa butwaa, jioni kwao kwa desturi hawapiki. Chakula cha moto ni mchana. Jioni ni mkate, jibini, matango ya siki, nyama baridi, nyanya, wanaita Abendbrot na Waswabi wenyewe wanaita Vesper. Wiki yangu ya kwanza nilikaa mezani nikala kipande kimoja nikisubiri chakula kiletwe, kumbe ndo kilikuwa chenyewe, nikalala njaa. Na wewe mchana utakuwa kindagateni, kazi ni ya kutwa siku tano, kwahiyo nafasi yako ya kupika ni wikiendi tu. Jumapili ndo kuna mlo wa heshima, ila maduka Jumapili yanafungwa, karibu yote, usifikiri kuna duka la Mangi kona ile, hivyo kama mnapika Jumapili manunuzi ni Jumamosi. Nenda nae dukani pia. Nusu ya mapishi iko pale, anachagua viazi vipi kwa kazi ipi, maana viazi kule vina majina kwenye mfuko, vile visivyovurugika (festkochend) vya saladi na vile vya unga unga vya kuponda.

Sasa uanze na nini. Anza na Spätzle, tamka shpetsle. Ni kama tambi fupi zenye umbo la ovyo ovyo, za unga na mayai, na Mswabi bila hizo hajala. Kuna kanuni ya kina bibi, yai moja kwa kila gramu 100 za unga, kwahiyo unga nusu kilo mayai 5, chumvi kijiko cha chai kimejaa, na maji kidogo kidogo kama mililita 150 mpaka 200 kutegemea ukubwa wa mayai. Halafu unapiga. Na hapa mtoto wa Tanga una faida kubwa kuliko mzungu yeyote wa Hamburg, maana ule upigaji ni uleule wa unga wa kaimati, mkono unachota chini unaurusha juu, unapiga mpaka uanze kutoa mapovu na ukiunyanyua na mwiko uvutike mzito bila kukatika haraka. Mama mwenyeji wangu aliponiona napiga kwa mkono alicheka kwanza, halafu akanyamaza akaangalia, halafu akamwita mumewe aje aone. Unga unapumzika kama nusu saa, kisha unapakwa kwenye kibao kidogo chenye ncha iliyochongwa, unakwangua vijinyuzi vinadondokea kwenye maji ya chumvi yanayochemka, vikielea juu unaviopoa na kijiko cha matundu. Wengi siku hizi wana mashine ya kukamulia, inafanana na ile ya kukamulia tambi za kukaanga za kwetu. Muombe akufundishe kibao kwanza. Mara tano za mwanzo utatoa mabonge kama vidole, usijali, yanaliwa.

Ukishika Spätzle umeshashika robo ya jiko lao, maana zinaenda na kila kitu, na jibini na vitunguu vilivyokaangwa vikawa kahawia (hapo utajisikia nyumbani, ni vitunguu vya pilau kabisa), na mchuzi wa nyama wa Jumapili, na adesi. Adesi na Spätzle ndo chakula chao cha kimaskini ambacho sasa wanakionea fahari. Ile milima ina mawe mengi na udongo mwembamba, adesi ndo ilikuwa inakubali. Baadae ikaachwa kulimwa kabisa mpaka mbegu za asili zikapotea, ilipofika 2006 zikaja kupatikana kwenye hifadhi ya mbegu ya Vavilov kule St. Petersburg, Urusi, zikarudishwa, leo zinalimwa tena na bei yake utashangaa. Siku mama akipika adesi za Alb muulize habari hiyo, utamfurahisha mpaka atasahau jiko. Upishi wake ni adesi zichemke, pembeni unga ukaangwe kwenye mafuta mpaka uwe kahawia, uzimuliwe na supu, viungane, na mwisho siki. Siki usiiogope. Bila siki ni uji wa dengu tu.

Na adesi ndo inatuleta kwenye nguruwe, maana kwa kawaida zinapikwa na kipande cha nyama ya nguruwe ya moshi na zinaliwa na soseji ndefu nyembamba. Mdogo wangu, hili lisemwe kabla hujafika, kwenye barua pepe au ile video koli ya kwanza, siyo mezani sahani ikiwa mbele yako. Sema vizuri kwamba huli nguruwe, wala mafuta yake, na pombe hata ndani ya chakula. Hiyo ya mwisho ifafanue kabisa maana wao wanafikiri pombe ni kunywa tu, hawahesabu divai iliyomwagwa kwenye mchuzi wala rumu ndani ya keki, na ile keki maarufu ya Msitu Mweusi (Black Forest) ina kirschi, pombe ya matunda, imelowekwa kabisa. Gelatini nayo iangalie, iko kwenye keki za krimu na pipi laini za watoto, na mara nyingi ni ya nguruwe. Jifunze kusoma pakiti. Habari njema ni kwamba Ujerumani ya leo watu wasiokula nyama ni wengi, ukisema huli kitu hakuna anaekuona mtu wa ajabu, na maduka ya Waturuki yenye nyama ya halali yako karibu kila mji. Mi mama mwenyeji wangu alikuwa anapika adesi sufuria moja bila nyama, ile ya moshi anaikaanga pembeni anaongeza kwenye sahani yake mwenyewe. Miezi minne baadae akaniambia za kwangu tamu zaidi, sijui alikuwa ananifurahisha.

Kingine cha kuangalia ni Septemba na Oktoba wakati wa zabibu, watakupa glasi ya kitu kina ukungu kina rangi ya juisi, kitamu kabisa, kinanywewa na keki ya vitunguu. Sio juisi, ni divai changa inayoendelea kuchacha. Kula keki ya vitunguu (muulize kwanza kama ina vipande vya nguruwe, mara nyingi inavyo) na uombe juisi ya tofaa, hiyo mwezi huohuo wanakamua wenyewe vijijini na ni tamu ajabu.

Ukifika Agosti mwisho utakuta msimu wa plamsi, zile ndogo ndefu za bluu, kama una ndugu Lushoto unajua nachosema. Keki yao ya plamsi ni unga wa hamira, unatandazwa kwenye sinia la oveni, plamsi zinapasuliwa zinasimamishwa safu kwa safu kama vigae. Ni somo zuri la kwanza la oveni. Desemba ndo shule yenyewe, wiki nne kabla ya Krismasi kila nyumba inaoka biskuti, na Waswabi wana moja inaitwa Springerle, ina ladha ya Anis na inagandamizwa na kibao cha mti chenye michoro, inaachwa ikauke kama siku nzima ndo iokwe, ikiiva vizuri inanyanyuka chini inakuwa na "miguu". Zangu za kwanza hazikuwa na miguu, zililala chali zote. Karibu na Februari wanakaanga vitu vinaitwa Fasnetsküchle na mi sitakwambia ni nini, utaonja mwenyewe halafu utapiga simu nyumbani useme mama huku kuna maandazi. Ila kwa miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, kwahiyo zinaweza kugongana, omba mkaange jioni. Kufunga kwenyewe kule wakati huo sio kugumu kama unavyodhani, siku bado ni fupi na baridi hairuhusu kiu.

Wiki ya Pasaka sasa ni Maultaschen. Hizi chukulia ni sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa, manda ya unga na mayai, ndani nyama ya kusaga, spinachi, mkate uliolowekwa, vitunguu, kotimiri ya kule, inachemka taratibu kwenye supu dakika kumi na kitu. Jina lao la utani kwa kiswabi ni Herrgottsbscheißerle, yaani vijidanganya-Mungu, kwa sababu masimulizi yanasema watawa wa Maulbronn waliificha nyama ndani ya unga wakati wa kwaresima ili Mungu asiione. Kawaida nyama yake ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, kwahiyo hapa jitolee mapema, nunua nyama ya ng'ombe kwa Mturuki umpelekee mama wikiendi moja kabla, mwambie leo nataka tutengeneze za kwetu. Jina hilo, Schwäbische Maultaschen, toka 2009 linalindwa kisheria na Umoja wa Ulaya, ukitengeneza nje ya eneo hilo huruhusiwi kuziuza kwa jina hilo. Kuzila Tanga kwa jina lolote ruksa.

Tuje kwenye namna ya kujifunza, maana hapa ndo wengi wanarudi mikono mitupu na picha mia tano. Mama atakuwa hapimi. Ukimuuliza kiasi gani atakujibu "bissle", kidogo, au atasema kwa hisia tu, kama bibi yako anavyosema kadiria. Usimkatize kila dakika akupimie, utamharibia mkono. Fanya hivi: nyumba nyingi kule zina mizani ndogo ya jikoni, kabla hajaanza weka mfuko wa unga juu ya mizani andika, akimaliza kuchota weka tena andika, tofauti ndo kipimo chake. Chumvi hivyohivyo, chupa ya siki hivyohivyo. Yeye anaendelea na stori zake na wewe una namba. Mi nina daftari lina uzito wa mfuko wa unga kabla na baada kwa mwaka mzima, na ndo daftari ninalopikia hadi leo, sio vitabu vya chuo. Andika na sauti pia, na harufu, maji yalikuwa yanachemka kwa fujo au yanatetemeka tu, unga ulikuwa unang'ang'ania kidole au ulikuwa unaachia. Saladi yao ya viazi kwa mfano haina mayonezi, viazi vinakatwa vingali moto, vinamwagiwa supu ya moto na siki na haradali, mafuta mwisho, na wanasema ikiwa sawa ukiikoroga inatoa mlio fulani wa kulowa. Huo mlio hakuna video itakayokufundisha. Na kabla ya kurekodi omba ruhusa, wako makini sana na picha za ndani ya nyumba zao, na za watoto wa kindagateni usithubutu kabisa.

Na pika mara ya pili peke yako ndani ya wiki hiyohiyo, mama akiwa sebuleni. Kinachokosekana utakijua palepale.

Kuosha vyombo sijakutajia kwa sababu wewe ni mtoto wa kike wa pwani najua utaosha, ila kule kuna mashine, na visu vizuri na vibao vya mti haviingii humo, na sufuria nzito nyeusi ya chuma haisuguliwi na sabuni. Takataka zinagawanywa, maganda kwake, karatasi kwake, plastiki kwake. Ukikosea hapo ndo utaona sura ya mama inabadilika, sio ukiunguza chakula.

Inawezekana pia mama wako hapiki hivi vitu. Hili watu hawalisemi. Familia nyingi wanakula tambi za Kiitaliano, kari, kebabu za Waturuki, na wengine hawali nyama wala maziwa kabisa, na Mjerumani wa miaka 60 wa leo si lazima awe bibi wa kwenye picha. Usimlazimishe awe makumbusho. Muulize nani kwenye ukoo anajua, mara nyingi kuna bibi wa miaka 85 kijiji cha jirani anaefurahi kupata mgeni. Na vijiji vya Alb bado vina nyumba ya kuokea ya kijiji, Backhaus, tanuri moja la kuni kwa wote, nyumba hizo zilijengwa sana karne ya 19 ili watu wasioke majumbani moto ukaunguza kijiji na kuni zikaisha, na mpaka leo kina mama wanakutana siku fulani wanawasha, wanaoka mikate ya wiki. Kuna vyama vya wanawake wa vijijini vinaitwa LandFrauen, muombe mama akutambulishe. Mi tanuri lile nililipenda kuliko chochote, unaingiza mkate na koleo refu la mti kama unapakua samaki wa ferry. Kama uko chini ya BFD, ule mpango wa kujitolea wa serikali, una siku 25 za semina kwa mwaka, huko utakutana na wenzio wa mikoa mingine, mara nyingi mnapika wenyewe, waibie na wao.

Kindagateni usipeleke chakula ulichopika bila kuuliza. Kuna watoto wenye aleji, sheria ya Ulaya inataka vitu 14 vinavyoleta aleji vitajwe, na karanga ni mojawapo, kwahiyo zile kashata zako ziache nyumbani. Na kama kazi yako itagusa kugawa chakula cha watoto, kuna somo fupi la lazima la usafi kutoka idara ya afya, uongozi wa pale watakupangia.

Nao watataka upike cha kwetu, jiandae. Mimi pilau yangu ya kwanza niliiharibu kabisa, niliishiwa uzile nikaenda dukani nikaona mbegu zilezile, umbo lilelile, zimeandikwa Kümmel, nikatia vijiko viwili. Sio uzile. Ni kitu kingine kinatiwa kwenye mkate na kabichi, pilau ikanuka kama kabichi ya kuchacha, wageni sita mezani, wakala kwa adabu zote na mmoja akaomba maelekezo ya kupika. Uzile wao wanaita Kreuzkümmel, liandike kwenye kiganja.

Kubeba basi: viungo vikavu nzima nzima, iliki, karafuu, mdalasini, uzile wenyewe, vyote poa. Nyama na maziwa ya aina yoyote usijaribu, haviingii Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria. Matunda fresh nayo mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano, nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani, kwahiyo nazi zako mbili tatu za Tanga zinapita. Tui la kopo utalipata maduka ya Waasia lakini wewe chukua mbuzi ya kukunia nazi, iweke kwenye begi la chini sio la mkononi, funga ile chuma na kanga mbili, kanga ndo zawadi ya mama. Siku ukiikalia ile mbuzi jikoni kwake ukaanza kukuna atataka kujaribu, mwache, ila mwoneshe kwanza vidole vinakaa wapi.